Ndugu wa Ziwa

Riyama Hija alikuwa na miguu ya muuguzi, na asiyeijua miguu ya muuguzi na amshukuru Mungu. Ilivimba vifundoni, ikatoka mishipa ya buluu, na kila asubuhi akishuka ngazi za nyumba yao ya Malindi alikuwa akiibembeleza kama watoto wadogo wa chuo cha Kurani: haya, twende, bado kidogo. Ngazi zenyewe ni hizi za nyumba za Mji Mkongwe, zilizosimama wima kama zimejengwa na mtu mwenye chuki na magoti ya wenzake. Mumewe, Himid, mpakuzi wa mizigo bandarini, alikuwa akimwambia aombe kuhamishwa sehemu nyengine ya hospitali. Himid ni mtu mwema, lakini anadhani kazi ni kiti, ukiinuka hapa unakwenda kukaa pale.

Riyama alifanya kazi katika chumba cha mashine za kusafisha damu, katika hospitali moja ya mjini. Watu ambao figo zao zimekufa huja pale mara kadhaa kwa wiki, wakalala, damu ikatoka kwa mpira mmoja, ikapita kwenye mashine, ikarudi kwa mpira wa pili. Wenyewe hawasemi kusafishwa damu. Husema kuoshwa. "Leo nnakwenda kuoshwa." Na kwa kuwa Waunguja neno hilo wanalijua kwa maana yake nyengine pia, ya yule anayeoshwa asirudi tena nyumbani, mzee mmoja kila akifunguliwa mipira alisema, "Nshaoshwa, bado sanda." Chumba kizima kilicheka. Zamani Riyama alikuwa akicheka nao. Siku hizi alitabasamu tu, maana kicheko nacho kinataka nguvu.

Ikija familia mpya, yeye ndiye aliyepewa kukaa nayo aizungumzie habari ya kutoa figo. Alikuwa hodari wa maneno hayo. Mwenyezi Mungu kampa mja figo mbili, alisema, na moja inatosha kumfikisha uzeeni. Anayetoa hupimwa mwili mzima kwanza, haguswi mpaka ihakikishwe kuwa hatapata madhara. Wakimwambia mwili ni amana, na amana haigawiwi, aliwajibu kwa upole kwamba wanazuoni wengi wameruhusu aliye hai kumpa mwenziwe ili kuokoa roho. Kisha humalizia kwa methali, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na watu wakatikisa vichwa, wakaaga, wakaenda zao. Wachache walirudi. Na mara mojamoja alitokea mama mwenye ulimi akamuuliza, "Na wewe mwenyewe, Sista, ungetoa?" Riyama alicheka akasema, "Mie nauliza, siulizwi," na mazungumzo yakahamia kwengine.

Basi siku moja aliletwa mtaalamu kuwafunza wauguzi mambo hayohayo. Alipomaliza akawaambia, anayeona kutoa kiungo ni jambo jema anyooshe mkono. Mikono ikanyooka yote, ungedhani wanaulizwa nani anataka likizo. Akasema, haya, ambaye yuko tayari kutoa yeye mwenyewe aubakishe juu. Mikono ikashuka. Tahiya, rafiki yake Riyama wa miaka mingi, aliushusha wake bila ya haya na akasema kwa sauti, "Mie figo zangu mbili, na zote nna kazi nazo." Mkono wa Riyama ulibaki hewani nusu, haupandi haushuki, mwisho akauingiza kwenye ushungi akajifanya anatengeneza pini. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Na wauguzi ni binadamu, ingawa wapo wasioamini.

Wala si kwamba walikuwa watu wabaya. Wao ndio waliouona ule upande ambao familia hazionyeshwi. Riyama alikumbuka kijana wa Fumba aliyempa figo dada yake, figo ikakataa kabla mshono wa mtoaji haujakauka, dada akarudi kwenye mashine na kijana akarudi kwenye uvuvi na kovu lake ubavuni. Alikumbuka vilevile waliopona, wanaokuja kuwasalimia wakiwa wamenawiri, lakini aliyechoka hawakumbuki sana hao.

Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Simai.

Simai alikuwa fundi wa mafriji, akizunguka mahoteli ya pwani ya Matemwe kutengeneza mashine za barafu, na ugonjwa ukamkuta na riziki yake hiyo. Mgonjwa wa figo hapewi maji ila kidogo, kwa sababu hana pa kuyatoa. Basi fundi wa barafu akawa mtu wa kupewa vijiko vya maji. Alilicheka jambo hilo mwenyewe kabla wengine hawajalicheka. Alikuwa mrefu, sasa amebaki mifupa na shati, na mkononi ana ule mshipa waliounganishiwa wagonjwa wote wa mashine, umevimba na unavuma ukiugusa.

Simai na Riyama walikuwa ndugu wa ziwa. Mama yake Simai, Bi Mashavu, alipojifungua alishikwa na homa kali, na maziwa yakakauka. Jirani yake Mwanamkasi alikuwa na mtoto mchanga wa kike, Riyama huyu, basi akamchukua na wa mwenziwe: Riyama ziwa la kulia, Simai la kushoto. Bi Mashavu alipona, lakini undugu ulikuwa umeshafungika, na kwa sharia undugu wa kunyonya haufunguki. Walikua hivyo. Simai aliingia kwao bila kubisha hodi, Riyama hakujifunika kichwa mbele yake, na harusini kwa Riyama ni Simai aliyesimama mlangoni akimzuia bwana harusi mpaka atoe kilemba cha kaka. Himid mpaka leo anasema alinyang'anywa.

Maradhi yalipothibiti, ndugu wa tumbo moja wa Simai alikuwa mmoja tu, Ayoub, na Ayoub alipopimwa akakutwa na kisukari kilichomkaa siku nyingi. Huyo hafai kutoa. Basi ukoo ukakaa kimya, na katika kimya hicho macho yakaanza kumgeukia Riyama, mmojammoja, kwa adabu, bila ya mtu kusema neno.

Riyama akasema kabla hajaulizwa. "Kwa utaratibu wa hospitali anayetoa ni ndugu wa damu tu. Ziwa halihesabiki."

Hakuwa ameongopa, au alijiambia hivyo. Katika mafunzo alisikia wakitajwa ndugu wa damu, na mengine aliyaongeza mwenyewe kutoka kwenye ile elimu ambayo kila mwanamke wa pwani anayo bila kwenda skuli: ndugu wa ziwa hawaoani, lakini hawarithiani. Sasa mtu asiyeweza kukurithi mnazi mmoja, atakurithije figo? Hoja hiyo ilimkalia vizuri kichwani, ina mpango. Hakumuuliza daktari yeyote, naye alikuwa akiwaona madaktari kila siku ya Mungu. Watu wakaamini, kwani muuguzi akisema nani atabisha? Simai naye aliamini, akasema, "Basi ndo hivo, dada," na tangu hapo akawa anaoshwa, Riyama akimchoma sindano kwa mkono wake mwenyewe, maana Simai alisema mkono wa Tahiya mzito.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka alipokuja Daktari Wakil, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akifanya kazi Dar kwenye hospitali wanakopandikiza figo. Alipita vitanda vyote asubuhi, akafika dirishani.

"Huna mtu wa kukupa?" alimuuliza Simai.

"Kaka yangu ana sukari. Nna dada huyu," Simai alisema akimuonyesha Riyama kwa kidevu, kwa kuwa mkono ulikuwa umefungwa mipira. "Lakini wa kunyonya. Haifai."

"Nani kasema haifai?"

Riyama alikuwa ameshika chupa ya dawa, akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona.

"Kwetu sie tunapokea hata mke kumpa mume, na wao hawana damu moja," daktari aliendelea. "Wapo watu wa kuwahoji kwanza, kuhakikisha hakuna aliyelazimishwa wala aliyeuza. Wakiridhika, tunapima. Ndugu wa ziwa si mgeni. Mie mwenyewe ninaye." Akacheka, akaenda kitanda cha pili.

Mashine ikawa inazunguka. Riyama alisubiri Simai aseme kitu, na laiti angemtukana ingekuwa rahisi. Simai aligeuza uso dirishani akasema, "Joto leo." Kisha kwa sauti ya chini, "Usijishughulishe, Riyama. Mie nshazoea hapa."

Kuanzia siku hiyo Riyama alimhudumia Simai bila ya kumtazama usoni. Alitazama mshipa, alitazama mizani, alitazama namba za mashine. Mikono yake ilikuwa na adabu ileile, lakini macho yalikuwa na deni. Tahiya alimwambia wakiwa wanakunywa chai, "Shoga, hakuna anayeweza kukulazimisha. Sema una presha."

"Sina presha."

"Utakuwa nayo kwa hali hii."

Na ukweli wa mambo, aliokuwa hajamwambia mtu hata Himid, ni kwamba hakutaka. Haikuwa dini wala hofu ya kisu. Alikuwa amechoka. Alihisi maisha yake yote watu wamekuwa wakimchota: wagonjwa, watoto, mama mkwe aliyemuuguza mpaka akafa, jirani wa chini anayemgongea mlango apimwe presha wakati wa chakula. Kila mtu na kata yake. Kilichobaki ni kile kilicho ndani ya ngozi, nacho alikitaka kiwe chake. Akijisikia hivyo anajichukia, na akijichukia anachoka zaidi.

Siku aliyopata mapumziko alikwenda Matemwe kwa mama yake. Alimkuta Mwanamkasi uani anatandaza mwani juu ya makuti, kanga imefungwa kiunoni, vidole vimechakaa kwa chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Simai hajambo?"

"Hajambo wa pale pale."

Wakatandaza pamoja. Riyama alimueleza yote, na la daktari, na la yeye kumwambia Simai haifai bila ya kuuliza. Mama yake alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kumbe inafaa," alisema mwisho.

"Inafaa. Nikipimwa nikakubali."

Mwanamkasi aliugeuza mwani uliokwisha geuzwa. "Mie nlipompa ziwa Simai watu walinisifu, wakasema Mwanamkasi ana moyo. Moyo gani? Maziwa ukiyatoa yanarudi. Usiku nalala sina kitu, alfajiri yamejaa. Hiyo figo inarudi?"

"Hairudi."

"Basi usije ukaniweka mie kuwa mfano. Langu lilikuwa jepesi."

Riyama alingoja. Alikuwa amekuja mwendo wote huo kwa neno moja tu, na neno lilikuwa haliji. "Mama, n'katazeni," alisema.

"Nikukataze?"

"Mkinikataza ntamwambia mama kakataa. Simai atafahamu."

Bi mkubwa alinyooka, akajishika kiuno, akamtazama mwanawe. "Nikukataze, halafu keshokutwa Simai akija hapa kuniamkia, nimtazame vipi? Yule kaninyonya, Riyama. Na wewe umeninyonya. Hiyo ni yako, mwanangu. Ibebe mwenyewe." Kisha akarudi kwenye mwani wake, na Riyama aliona kuwa analia, na akaona haya kwa kumfuata mtu mzima kuja kumtwisha mzigo wake.

Alipimwa. Hakupimwa kwa kuwa moyo ulimjia, nisije nikamvisha kilemba cha ukoka. Alipimwa kwa sababu alishindwa kuendelea kumchoma sindano mtu ambaye yeye mwenyewe hawezi kumtazama. Alimwambia Himid, Himid akakaa kitako kwenye ngazi, akasema, "Utabaki kuwa mzima?" Akamwambia inshallah. Akasema, "Basi." Wakamtoa damu, ikapelekwa Dar pamoja na ya Simai, na siku za kungoja zikawa ndefu. Simai alimwambia neno moja tu, alipomuona na bandeji ndogo mkononi: "Mmh. Leo umechomwa wewe." Akafurahi, na furaha ile aliificha vibaya. Alianza kuzungumza habari za mafriji. Kuna hoteli moja, alisema, ina mashine kubwa ya barafu hakuna aliyeiweza, atakwenda yeye akipata nguvu. Alisema akipata nguvu mara tatu katika maneno hayo.

Riyama alisikia, akamuombea, na katika dua ileile, chini yake kabisa, kulikuwa na dua ya pili aliyokuwa hataki kuisikia.

Daktari Wakil alirudi Unguja na majibu. Aliwaita wote wawili kwenye kijichumba cha dawa, maana hakuna pengine penye mlango unaofungika, Simai akakaa kwenye kiti na Riyama akasimama nyuma yake.

"Nasikitika," daktari alisema. "Damu zenu hazikubaliani. Nikimtia figo yako, mwili wake utaitupa. Haiwezekani."

"Alhamdulillahi," alisema Riyama.

Neno lilitoka lenyewe, kabla hajajua kama mdomo wake umefunguka. Daktari alitikisa kichwa kwa huruma. Hakuona ajabu yoyote, kwani kwetu neno hilo halina msimu. Mtu akifaulu, Alhamdulillahi. Mtu akifiwa, akaulizwa hali, Alhamdulillahi. Kwalo hushukuriwa Mungu kwa kheri na kwalo hupokewa msiba, na anayesikia huchagua mwenyewe. Daktari alichagua la subira. Akasema wataendelea kutafuta, akawaombea, akatoka.

Lakini Simai alikuwa amekaa mbele ya Riyama akimpa kisogo, na shingo yake ilisimama.

Walirudi chumbani kwa sababu ilikuwa siku yake ya kuoshwa. Simai alipanda kitandani, akakunja mkono wa shati, akaunyoosha mkono wenye mshipa kama kawaida. Riyama akavaa glavu, akaufuta kwa dawa. Mkono wa Simai ulikuwa unavuma chini ya vidole vyake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile daktari aliposimama kwenye kitanda cha dirishani alimtazama usoni, na Simai alikuwa anamtazama yeye.

"Ilikuwa ipi?" Simai aliuliza.

"Ipi nini?"

"Alhamdulillahi yako."

Angeweza kusema ya subira. Hapana mtu duniani angeweza kumbishia, neno lenyewe lingemsitiri kama lilivyowasitiri wengi. Lakini alishawahi kumwambia Simai neno moja la kujisitiri, na neno hilo lilikula muda ambao Simai hana wa kupoteza. Na kusitirika nako kulikuwa kumemchosha.

"Ya kushukuru," alisema. "Nlishukuru, Simai. N'samehe."

Tahiya alipita na toroli, mzee wa kitanda cha pili alikuwa anaomba kijiko cha maji. Riyama aliingiza sindano, ya kwanza, kisha ya pili, vizuri, na damu ikaanza kutambaa ndani ya mpira.

"Nlijua," Simai alisema. "Na mie ningekuwa wewe ningesema hivohivo. Labda kwa sauti kubwa zaidi." Akalaza kichwa kwenye mto. "Lakini nlikuwa nshaanza kupanga."

"Najua."

"Ile mashine ya barafu."

"Najua, kaka."

Aliendelea kusimama pale, akidhani mazungumzo yamekwisha, akitazama namba zisizohitaji kutazamwa. Simai alikuwa amefumba macho.

"Keshokutwa zamu ya nani?" aliuliza bila kuyafumbua.

"Yangu."

"Mwambie Tahiya anishike yeye."

"Mkono wake si mzito?"

"Ntauzoea." Alivuta shuka mpaka kifuani kwa mkono uliokuwa huru. "Umechoka, dada. Wewe pumzika."

Hilo neno pumzika Riyama alilitamani miaka yote, na kati ya wote waliokuwa wakimchota hapakuwa na aliyewahi kumwambia kwa kumaanisha. Simai alilisema kwa kumaanisha. Hapakuwa na ubaya wowote katika sauti yake, na hilo ndilo lililomkata Riyama maini.